Kistari cha Nakuam

Ukitaka kumjua Nakuam Lobokat, usiulize alisoma wapi. Uliza ni karatasi zake ngapi zilizowahi kurudi zimekataliwa. Kwa miaka saba, tangu alipoitua taipureta yake kwenye veranda ya duka la Asho pale Wabera, mtaa wa Isiolo, mwaka wa 1972 akaanza kuwapigia watu barua na fomu, jibu lilikuwa hakuna hata moja. Na aliyelitoa jibu hilo alikuwa Nakuam mwenyewe, tena bila kuulizwa na mtu.

Alikuwa Mturkana wa Ngaremara, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Masista wa misheni walimfundisha kupiga taipu pamoja na wasichana wengine saba. Wale saba walipata kazi za ofisini, wakanyamaza wakapandishwa vyeo. Nakuam alidumu ofisini wiki mbili. Siku bosi alipomwagiza chai, alimjibu kwamba amefundishwa mashine ya kupiga barua, mashine ya kuchemsha maji hajafundishwa. Jioni hiyo hiyo alikuwa kwenye lori la kurudi Isiolo. Masista walimhurumia, au labda walichoka kumsikiliza, wakampa taipureta kuukuu iliyokuwa ikizuia mlango wa stoo usifunguke na upepo.

Aliolewa na Lochoro, mziba panchari wa kwenye stendi ya malori, mtu mpole ambaye maneno yake ya wiki nzima yangetosha kwenye stempu. Chai ikiiva, Nakuam alisimama verandani akaita, "Lochoro! We Lochoro!" na Wabera nzima ikajua Lochoro anaenda kunywa chai. Tafadhali ukumbuke kelele hizo, maana zina kazi yake mbele.

Wateja wake walikuwa watu wa kila namna: mwenye kutafuta kipande cha utambulisho, mwenye kuomba ploti, mama anayetaka kumgombeza kwa barua mwanawe aliyepotelea Mombasa. Wote aliwakaripia sawasawa. Picha ni mbili, si moja. Sahihi hapa, na hapa, na ukurasa wa nyuma pia, usinambie umechoka. Tarehe ya kwenda ukaitia kichwani kabla hujaondoka, ukairudia mara tatu kwa sauti, nami nisikie.

Watu walimcheka, lakini alikuwa na sababu yake. Baba yake, mzee Lobokat, aliwahi kuomba shamba kule Burat. Maombi yakakubaliwa, jina likatangazwa, akaambiwa afike Jumanne kutia kidole. Mzee alifika Jumatano, kwa sababu Jumanne ngamia alizaa, na kwake yeye ngamia kuzaa lilikuwa jambo kubwa kuliko serikali. Shamba likapewa aliyefuata kwenye orodha. Mpaka leo lina vitunguu vya mtu mwingine, vinono kweli kweli, na Nakuam hakuwahi kupita hapo bila kugeuza uso. Alipokuwa akiwakaripia wateja wake, alikuwa akimkaripia baba yake, ambaye alikufa kabla binti yake hajapata nafasi ya kumkaripia.

Kutoka verandani aliuona mji wote. Alijua nani ana deni la nani na nani ameacha kusalimiana na nani. Alijua pia jambo lililowachekesha watu wa soko kila Ijumaa. Kulikuwa na hakimu, Mmeru mmoja jina lake Marete, mtu mzima mwenye miwani na tumbo la heshima, ambaye korti nzima ilimtetemekea. Basi Ijumaa mama mkwe wake alikuwa akiteremka kutoka Meru na ndizi zake za kuuza. Hakimu akiiona tu leso ya kijani ya mama huyo kwa mbali, alikata kona, akapita nyuma ya bucha, akaruka mtaro wa maji machafu na suti yake, akatokea upande wa pili wa soko. Kwa Wameru mtu na mama mkwe wake hawakutani ovyo, na hakimu alikuwa Mmeru barabara. Nakuam alicheka mpaka akakosea herufi.

Mwaka wa 1978 wakaanza kufika watu wa ng'ambo ya mpaka. Vita vilikuwa vimewaka huko Uhabeshi, na malori ya Moyale yakawa yanashusha watu pamoja na mbuzi. Wengi walikuwa Waborana na Isiolo walikuwa na jamaa, kwa hiyo hawakulala njaa. Lakini kula ni kitu kimoja, na karatasi ni kitu kingine. Asiye na karatasi ya ukimbizi angeweza kushikwa siku yoyote na kurudishwa alikotoka. Ili kuipata karatasi hiyo, fomu ya kurasa sita ilipelekwa ofisini Nairobi, kisha mwombaji akaitwa kuhojiwa. Nakuam alizijaza fomu kumi na tisa mfululizo, na zote kumi na tisa zikapita. Alijipiga kifua mpaka Asho akamwambia kifua kitatoboka.

Ya ishirini ilikuwa ya Abiba.

Abiba alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka ishirini na kitu, na mtoto mgongoni. Wanajeshi walikuwa wamemchukua mumewe alfajiri moja, wakamtupa kwenye lori. Kabla ya lori kuondoka, mume alimtupia maneno kwa Kiborana: aende Isiolo kwa shemeji yake Jillo, amsubiri hapo, wala asihame, ili atakapotoka ajue pa kumtafuta. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasikia kutoka kwake. Kwa hiyo karatasi kwa Abiba haikuwa ya kujilinda tu. Akirudishwa mpakani au akitangatanga mji mwingine, mume akifunguliwa angefika Isiolo akakuta patupu.

Hayo yote alimweleza Nakuam pole pole, Januari ya 1979, huku akimnyonyesha mtoto. Walikwenda vizuri, ukurasa kwa ukurasa, mpaka wakafika nafasi iliyoandikwa jina la mume.

Abiba akanyamaza. Akainamisha macho, akauvuta mtandio ukamfunika mdomo. Nakuam akauliza tena, akapata kimya kile kile. Mteja mwingine angekuwa amekwisha kukaripiwa zamani. Lakini Nakuam akakumbuka lile lori la alfajiri, akadhani jina linamuumiza mwenzake rohoni. Huruma ikamwingia, na huruma kwake haikuwa mgeni wa kila siku, kwa hiyo hakujua kuishughulikia. Akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya: akapiga kistari kwenye nafasi hiyo, kistari kimoja kifupi, akasogeza karatasi. Akajiambia watamuuliza wenyewe huko Nairobi, na atawajibu moyo ukishatulia.

Machi Abiba akaitwa. Alikwenda, akafika siku yake na saa yake, picha mbili mkononi. Ofisa akamuuliza kila kitu kupitia mkalimani na akajibiwa kila kitu, isipokuwa kimoja. Alikiuliza mara tatu. Abiba akafunika mdomo mara tatu.

Barua ya majibu iliandikwa tarehe mbili Mei. Ilifika Isiolo, kwenye sanduku la posta la Asho, tarehe ishirini na nane, ikiwa na mihuri ya posta za miji mitatu. Ilikuwa imetembea kuliko Abiba mwenyewe. Nakuam aliifungua akiwa amesimama, tayari kutangaza ushindi wa ishirini. Akaisoma. Akakaa chini. Barua ilisema kwamba fomu ilikuwa na nafasi tupu na mwombaji amekataa kumtaja mtu anayemwita mume wake, hivyo ofisi haiamini kwamba mume huyo yupo. Ombi limekataliwa. Kama hakubali, akate rufani ndani ya siku thelathini tangu tarehe ya barua, nakala tatu, pamoja na hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya hakimu. Siku hizo zikipita, atarudishwa alikotoka.

Nakuam akahesabu kwa vidole. Siku ya thelathini ilikuwa tarehe moja Juni. Akahesabu tena, safari hii akiitazama kalenda ya dukani, akaona: tarehe moja Juni ni Madaraka, na siku ya Madaraka hakuna ofisi inayofunguliwa. Leo Jumatatu. Karatasi lazima iwe Nairobi Alhamisi.

Akamgeukia Abiba, ambaye alikuwa amekaa kwenye ngazi akingoja kusomewa, na aibu yake yote ikatoka kwa sura ya hasira. Akamwuliza ni mwanamke gani huyu anayeulizwa jina la mume mara tatu na anakaa kimya, anataka nini, anataka kurudi huko? Abiba akafunika mdomo.

Kicheko kikatoka ndani ya duka. Asho alikuwa Msomali mjane, mwuza vitambaa, na hakuwa mtu wa kuficha anachofikiri. Alikuja mpaka mlangoni akiwa bado na mkasi mkononi.

"Abaayo," akamwambia, kama dada anavyomwita dada kwa Kisomali, "wewe kila siku unapiga kelele Lochoro, Lochoro, hata mbuzi ya Wabera inajua jina ya bwana yako. Umekaa na Waborana miaka yote hii. Umewahi sikia mwanamke wao akiita bwana yake kwa jina?"

Nakuam akafikiri. Akawapitisha kichwani wanawake wote wa Kiborana aliowajua, wauza maziwa, majirani, wateja. Baba ya fulani. Mwenye boma. Huyo wetu. Jina? Hapana, hata siku moja. Alikuwa amelisikia kimya hilo maisha yake yote bila kulitia maanani.

"Mimi siwezi taja," Abiba akasema, na ndiyo mara ya kwanza kupandisha sauti kidogo. "Nikitaja ni kama nimemtukana. Na yeye yuko kwa jela, hawezi jitetea."

Nakuam aliona aibu, tena aibu kali ya kumtoa mtu jasho. Baba yake aliukosa mwito wa serikali kwa ajili ya ngamia. Yeye, fundi wa fomu, alikuwa ameiacha nafasi tupu kwa ajili ya huruma na uvivu wa kuuliza swali moja zaidi. Angemwuliza Asho siku ile ile angejua. Lakini Nakuam kumwuliza mtu kitu? Kuliko kuuliza angeimeza taipureta.

Akaita, "Lochoro!" Lochoro akaja akifikiri ni chai.

Jumanne asubuhi Lochoro alimpakia mkewe kwenye kariya ya baiskeli, wakaenda Burat kumtafuta Jillo. Nakuam alikuwa mzito na njia ilikuwa ya mchanga, na kila walipozama alimlaumu Lochoro, kama kwamba mchanga ameuleta yeye. Walimkuta Jillo akipalilia vitunguu. Januari, fomu ilipokuwa ikijazwa, alikuwa mbali na ng'ombe wa jamaa, ndiyo sababu hakuna aliyemwuliza lolote. Akaulizwa sasa jina la ndugu yake.

"Ni Ado. Ado Denge," akajibu, hata jembe hakuliweka chini. "Ni hiyo tu?"

Ni hiyo tu. Nakuam alitamani kulia na kucheka, akachagua kumkemea Lochoro aharakishe.

Mchana ule alipiga taipu ile hati ya kiapo kwa nakala tatu, kaboni mpya, bila kosa hata moja. Jina la Ado Denge aliliandika mara saba, kila mahali palipostahili na mahali pengine ambapo halikuhitajika sana. Lakini kulikuwa na shimo mbele, na safari hii aliliona. Mbele ya hakimu mtu hali kiapo kwa kutikisa kichwa. Anasomewa, kisha anayataja kwa kinywa chake mwenyewe majina yake, ya baba yake, na ya mume wake. Na hakimu alikuwa Marete, ambaye alijulikana kumrudisha mtu nyumbani kwa sababu ya kifungo cha shati.

Jumatano saa tatu asubuhi walikuwa mbele yake, Abiba, Jillo na Nakuam na mafaili yake. Chumba kilikuwa kimejaa watu waliokuja kwa kesi zao. Marete akaisoma hati polepole, akaisifu kwa unadhifu, jambo lililompandisha Nakuam kichwa kidogo, kisha akamwambia Abiba aseme majina.

Abiba akasema lake. Akasema la baba yake. Akafunika mdomo.

Nakuam akasimama, akaeleza ile mila kwa heshima yote aliyoweza kuikusanya, akaomba Jillo, ndugu wa mume, aliseme jina hilo kwa niaba ya shemeji yake. Marete akatikisa kichwa. Akasema anaiheshimu mila ya kila mtu, ila kiapo ni cha mwenye kuapa, hakiliwi na shemeji. Mtu mzima na akili zake hawezi kushindwa kulitamka jina moja tu la jamaa yake. Akaifunika kalamu, akaita kesi inayofuata.

Hapo ndipo mwisho wa Abiba ulipokuwa. Lori la mbuzi la kwenda Nairobi lilikuwa likiondoka saa tisa, na baada ya hilo hakuna lingine ambalo lingefika kabla ya Madaraka. Nakuam alijua hayo. Alijua pia kwamba anachotaka kukifanya kinaweza kumlaza ndani kwa kuidharau korti. Akapiga moyo konde.

"Mheshimiwa," akasema, "nikuulize kitu moja tu, halafu nitanyamaza."

Watu waliomjua waligeuka kumtazama, maana ahadi ya namna hiyo ilikuwa haijawahi kusikika. Marete akamruhusu.

"Mama mkwe wako anaitwa nani?"

Marete akafungua kinywa. Akakifunga. Akavua miwani, akaipangusa kwa tai, akaivaa tena, akalitazama dirisha kama mtu aliyeona leso ya kijani. Nyuma kabisa mtu mmoja akaanza kukohoa kikohozi kisichokuwa cha ugonjwa, na wa pili akampokea.

"Yule mama," akasema hakimu, "ni mama ya mke wangu."

"Jina lake, mheshimiwa."

Marete akajipangusa jasho usoni. Akaangalia chini, kwenye hati, akaisoma tena kana kwamba imeandikwa upya. Na alipoinua uso, Nakuam aliona kwamba hajakasirika. Alikuwa anamtazama Abiba, si kama mtu anayemtazama mwombaji, bali kama mtu anayemtazama mwenziwe.

Akamwita Jillo mbele. Jillo akalitamka jina la ndugu yake kwa sauti, Abiba akainua mkono wa kulia kukubali, na Marete akaongeza chini ya hati, kwa mkono wake mwenyewe, kwamba mila ya mwapaji inamkataza kulitamka jina la mumewe, kwamba limetamkwa na shemeji mbele yake naye akalithibitisha, na kwamba korti imeridhika. Akagonga muhuri mara tatu, nakala tatu. Kisha akamwambia Nakuam atoke nje kabla hajakumbuka kumfunga.

Saa tisa Nakuam alikuwa juu ya lori, hati zimefungwa kifuani ndani ya nailoni, na mbuzi themanini wa kumsindikiza. Lochoro alimpa chapati mbili. Mbuzi walikula moja na nusu. Kulipokucha Alhamisi alishukia Nairobi akiwa ananuka beberu kwa namna ambayo maji ya bomba hayakuisaidia. Kwenye ofisi kulikuwa na foleni ndefu mno. Nakuam akajiunga nayo mkiani, na watu wakampisha mmoja baada ya mwingine, kwa adabu, huku wamefunika pua. Saa nne kasorobo alikuwa dirishani. Karani akagonga muhuri wa kupokelewa, tarehe thelathini na moja Mei. Nakuam akamwomba agonge tena kwenye nakala yake, na wino ukiwa hafifu, agonge mara ya tatu.

Majibu yalikuja Agosti. Abiba alikubaliwa. Asho akachinja mbuzi, Lochoro akasema sentensi mbili nzima, na mtu mmoja kutoka kortini akaleta mkungu wa ndizi bila kusema umetoka kwa nani. Tangu hapo Nakuam akaongeza sheria kwenye sheria zake: Mborana wa kike akija na fomu, aje na shemeji.

Ile fomu ya kwanza, yenye kistari, ilikuwa imerudishwa pamoja na barua ya kukataliwa. Nakuam hakuitupa. Aliiweka ndani ya kifuniko cha taipureta, na kila asubuhi alipokifungua aliiona. Alisema inamfaa kuliko dawa chungu. Wateja wakimsifu, aliitoa akawaonyesha, akawaambia hii ndiyo ilirudi. Nadhani ndiyo karatasi pekee aliyoionyesha kwa kiburi zaidi ya zile zilizopita.

Abiba naye akapata meza ya kuuza maziwa hapo hapo mbele ya duka. Masomo ya ngumbaru, ya kusoma na kuandika, yalipofunguliwa kwa watu wazima, Nakuam alimsukuma aende, akamkagua madaftari kila jioni kwa ukali uliomfanya mwalimu mwenyewe aonekane mpole. Miaka ikaenda. Kila lori la Moyale liliposimama stendi, Abiba aliacha maziwa akainuka, akatazama wanaoshuka, akakaa tena.

Ilikuwa Februari 1983 askari alipokuja kumwita. Kulikuwa na mtu ofisini kwa D.O., ofisa wa tarafa. Alikuwa ameshushwa lorini bila karatasi yoyote, na anasema mke wake yuko Isiolo. D.O. alikuwa kijana anayeitwa Mungania, hana mwezi mmoja tangu aje, na alikuwa na utaratibu mzuri tu: mke aje kwanza peke yake, amtaje mume kwa majina mawili, kisha mwanamume aingie ataje yake. Yakilingana, vyema. Yasipolingana, mtu anarudishwa Moyale jioni ile ile.

Abiba alitoka mbio, na Nakuam nyuma yake akiwa na kifuniko cha taipureta mkononi, hata hakujua kwa nini amekichukua. Nje ya ofisi, kwenye benchi, alikaa mtu aliyekonda, mvi zimemwingia kabla ya wakati. Alipowaona akasimama. Abiba naye akasimama. Walitazamana tu, kisha askari akamsukuma Abiba ndani, na Nakuam akajipenyeza nyuma yake.

Mungania akauliza jina la mume. Abiba akainamisha macho. Nakuam akafungua kinywa chake chote.

"Si wewe, mama," Mungania akamwambia. "Ni yeye aseme. Wewe hata sijui ni nani."

Hiyo peke yake ilitosha kuanzisha vita, lakini Abiba alimgusa Nakuam mkono. Akaomba kalamu. Nakuam akamtazama, akaelewa, akaitoa ile fomu iliyogeuka manjano, akaitandaza mezani kwenye ule ukurasa. Abiba akainama. Aliandika polepole, ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo, jinsi wanavyoandika watu waliojifunza wakiwa wakubwa. Aliandika juu ya kistari mpaka kikafunikwa, herufi tatu, akaruka, herufi tano.

"Kusema ndiyo nimekatazwa," akamwambia D.O. "Kuandika, hakuna mtu alikataza."

Mungania akasoma. Akamwita mwanamume, akamwuliza anaitwa nani. "Ado Denge," akajibu yule mtu. Mungania akasoma tena, akasogeza kiti, akasema basi, waende nyumbani.

Nakuam alikuwa analia wazi wazi, akilaumu vumbi. Ado Denge hakuwa ameangalia kitu kingine ila mke wake, lakini sasa akaona wote wanaitazama karatasi, akauliza ni ya nini. Nakuam akamwambia ni mke wake amemwita. Ado akaichukua, akaishika kwa mikono miwili, akaikazia macho kwa muda. Abiba akaigeuza, kwa maana alikuwa ameishika kichwa chini, akamwekea kidole pale jina linapoanzia.